Jina la Kujulikana: Lakabu za Wanamuziki wa Dansi kwa Mwanga wa Kivugo cha Karagwe

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lakabu za wanamuziki wa dansi nchini Tanzania na kwa jirani zake. Yanapinga mazoea ya kuzisoma lakabu hizo kama barakoa, mazoea yanayotokana kwa kiasi kikubwa na uhakiki wa muziki wa roki wa Uingereza na Marekani. Kwa kutumia kivugo, utanzu wa majigambo unaojulikana Karagwe na kwingineko katika eneo la Maziwa Makuu, yanadai kwamba lakabu ya dansi ni jina la kutambulishwa mbele ya mashahidi. Aliyefichwa katika muziki huo ni mtunzi, na kilichomficha ni jina rasmi la bendi.

Jina la kupanga na lakabu

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wahakiki huyatumia kana kwamba ni visawe: jina la kupanga na lakabu. Si visawe. Jina la kupanga linabeba ndani yake picha ya nyumba ya kupanga: mtu anaingia, anakaa kwa muda, anaondoka, na mali inabaki si yake. Lakabu, neno lililokuja kutoka Kiarabu, ni jina linaloongezwa juu ya jina ili kumweleza mtu kwa sifa, asili, kazi au kasoro yake. La kwanza hufunika na la pili hufafanua. Tofauti hiyo ni ndogo ukiiangalia katika kamusi, lakini ni kubwa ukiiangalia katika historia ya muziki.

Katika roki ya Uingereza na Marekani, mifano maarufu zaidi ni ya majina ya kupanga. Mwaka 1966 Paul McCartney aliwatungia Peter na Gordon wimbo uitwao "Woman", akaandika kwamba mtunzi ni Bernard Webb, mtu asiyekuwapo. Alitaka kuona kama wimbo ungependwa bila msaada wa jina lake. George Harrison alishiriki katika wimbo "Badge" wa kundi la Cream, uliotoka mwaka 1969, na kwa sababu za mkataba na kampuni yake akaorodheshwa kwa jina la L'Angelo Misterioso, yaani malaika wa siri. Mwaka 1988 Harrison huyohuyo, pamoja na Bob Dylan, Roy Orbison, Tom Petty na Jeff Lynne, walijitokeza kama ndugu wa familia ya kubuni, Traveling Wilburys, kila mmoja akiwa na jina jipya la kwanza na ubini wa Wilbury. Utani ulikuwa wazi kwa kila mtu, lakini utaratibu wake ni uleule. Kuna mtu halisi nyuma na jina la uongo mbele, na raha ya msikilizaji ni kuling'amua lililo nyuma.

Mhakiki aliyezoea mifano hiyo akiikuta orodha ya wanamuziki wa dansi, yaani Jabali la Muziki, King Kikii, Komandoo, Dokta Remmy, Stereo, huanza kuuliza swali lisilofaa: huyu ni nani hasa? Swali hilo halimpi kitu. Hakuna mpenzi wa dansi aliyekuwa hajui kwamba Jabali ni Marijani Rajabu au kwamba Stereo ni Hassan Rehani Bitchuka. Lakabu hizo hazikumficha mtu yeyote. Ili kuona zilichofanya, inafaa kuanza mbali na Dar es Salaam, mahali ambapo sanaa ya kujipa jina mbele ya watu ilikuwa na kanuni zake kabla ya gitaa la kwanza kufika.

Kivugo: kujitaja mbele ya mashahidi

Rugu ni kata ya Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Kutoka huko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa elfu moja, ilhali Rwanda na Uganda ziko jirani. Lugha ya wenyeji ni Runyambo, ambayo Rugemalira ameifanyia sarufi na kamusi, nayo ni ndugu ya karibu ya Ruhaya na Runyankore katika kundi ambalo wanaisimu huliita Rutara. Katika lugha hizo kitenzi cha kutamba kivugo hubeba kiambishi rejeshi -e-, kinacholingana na -ji- ya Kiswahili: mtendaji anajitamba mwenyewe. Istilahi ya Kiswahili "kivugo", ambayo wanafunzi wa fasihi simulizi nchini Tanzania wanaifahamu, imetokana na lugha za eneo hilo, na maandishi ya Mulokozi yana mchango mkubwa katika kuufanya utanzu huo ujulikane nje ya Kagera.

Shujaa aliyetamba kivugo alisimama mbele ya mtawala na wenzake, akataja majina yake ya sifa, mahali alipopigana na waliokuwa pamoja naye. Jina halikuwa utangulizi wa shairi tu. Kila jina la sifa lilikuwa shairi fupi. Morris, alipochapisha vivugo vya Bahima wa Ankole mwaka 1964, alionyesha jinsi majina hayo yanavyojengwa kwa kiambishi ru- na shina la kitenzi, hata maana ikawa "Yule-afanyaye-jambo-fulani". Kiambishi hichohicho kinaonekana katika jina la Rumanyika, omukama wa Karagwe aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861. Umbo lake linafasirika bila taabu kutokana na kitenzi cha kujua: ni yule ajulikanaye. Ni vigumu kupata jina lililo mbali zaidi na Bernard Webb.

Mambo mawili ya kivugo yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, mtambaji anajipa jina lakini hana mamlaka kamili juu yake. Waliokuwapo vitani wako palepale, na mtu anayejiita kwa tendo ambalo hakulitenda anaumbuka. Jina la sifa ni dai lililo wazi kukanushwa. Pili, jina la kuzaliwa halifutwi. Linabaki pale chini, na lakabu zinapangwa juu yake kama tabaka. Nguvu ya kivugo inategemea hadhira kujua kwamba majina yote haya ni ya mtu mmoja.

Haidaiwi hapa kwamba wanamuziki wa Dar es Salaam walijifunza kutoka Karagwe. Pwani ilikuwa na desturi zake. Mtunzi wa utenzi alijitaja katika beti za mwisho, pengine pamoja na baba yake, mji wake na tarehe. Washairi wa karne ya 20 waliendelea kwa namna yao: Ahmad Nassir alikuwa Malenga wa Mvita, Andanenga alikuwa Sauti ya Kiza. Kivugo kinafaa kwa sababu kinaonyesha waziwazi kile ambacho katika desturi nyingine kimejificha, nacho ni kwamba lakabu huhitaji shahidi. Msikilizaji wa Rugu aliyekuwa akifuatilia dansi kwa redio hakuhitaji kuelezwa kwa nini mwimbaji anaitwa Jabali. Sarufi ya jambo hilo alikuwa nayo nyumbani.

Jabali, Sura Mbaya, na kituo cha daladala

Ukizipima kwa kipimo hicho, lakabu za dansi zinagawanyika kwa namna ya kuvutia. Zipo za ukubwa: Jabali la Muziki kwa Marijani, King kwa Michael Enoch na kwa Kikumbi Mwanza Mpango. Zipo za kijeshi, kama Komandoo kwa Hamza Kalala. Zipo za vyombo: kumwita mwimbaji Stereo ni kusema kwamba koo lake linajaza ukumbi kutoka pande zote mbili, sitiari ambayo isingewezekana kabla ya spika mbili kuingia majumbani. Zipo pia za ujamaa wa damu, na pengine hizi ndizo zenye maana nzito zaidi. Muhidin Gurumo aliitwa Mjomba. Mjomba katika jamii nyingi za Tanzania ni mtu wa kukuonya na kukutetea, na sauti ya Gurumo ilipokewa hivyo, kama ya mtu mwenye haki ya kusema na wapwa zake.

Remmy Ongala anastahili nafasi yake peke yake. Alizaliwa Kindu, Kongo, akiitwa Ramadhani Mtoro Ongala, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akavuma na Super Matimila. Remmy ni ufupisho wa jina la kuzaliwa. Dokta ni heshima ya mashabiki. La tatu alijipa mwenyewe: Sura Mbaya. Hapa kivugo kimegeuzwa kichwa chini. Badala ya kujitaja kwa tendo kubwa, msanii anajitaja kwa kasoro, na kwa kufanya hivyo anamnyima mshindani wake tusi la kwanza. Ni kujigamba pia, na huenda ni kujigamba kwa juu zaidi, kwa sababu anayejiita Sura Mbaya anadai kwamba sanaa yake inatosha. Ujasiri huohuo unasikika katika "Mambo kwa Soksi", wimbo kuhusu kondomu ambao Radio Tanzania haikukubali kuupiga. Redio iliuzuia wimbo, haikuweza kulizuia jina. Mtaa aliokaa Remmy huko Sinza una kituo cha daladala kiitwacho Kwa Remmy, na abiria ambao hawajawahi kusikia santuri yake hata moja huomba kushushwa hapo. Lakabu imetoka kwa mtu, ikahamia kwenye ardhi.

Kongo alikozaliwa Remmy ilikuwa na kisa kinachoonyesha upande wa pili. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu, kwa siasa yake ya uhalisi, ilipiga marufuku majina ya Kikristo na kuwataka raia wachukue ya Kiafrika. Joseph-Désiré mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko. Franco akarefushwa kuwa Luambo Makiadi pamoja na majina mengine ya ukoo. Pascal Tabu, aliyekuwa akiitwa Rochereau, lakabu iliyotokana na jina la afisa wa jeshi wa Kifaransa, akawa Tabu Ley. Yaani dola iliwapa watu wote majina ya kupanga kwa amri, ikayaita halisi. Wapenzi wa muziki waliendelea kusema Franco na Rochereau. Majina yaliyopewa na hadhira yalidumu kuliko yaliyopewa na sheria, ingawa mojawapo lilikuwa la afisa wa jeshi wa nchi ya mbali na halikuwa na uhalisi wowote wa Kiafrika. Mobutu alidhani uhalisi wa jina uko katika asili yake, na hapo ndipo alipokosea.

Kikosi kilichojificha bila kujificha

Upo mfano mmoja katika dansi ya Tanzania unaoonekana kulipinga dai la makala haya, na haufai kuachwa. Vijana Jazz ilikuwa bendi ya umoja wa vijana wa chama tawala. Katika miaka ya 1970 Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Radio Tanzania ilirekodi kwenye mikanda kwa matumizi yake, na aliyetaka santuri alielekea Nairobi. Baadhi ya rekodi ambazo Vijana Jazz, akiwamo mwimbaji Hemedi Maneti, walizifanya huko zilitoka kwa jina la Koka Koka Sex Battalion.

Hilo ni jina la kupanga kwa maana kamili. Bendi yenye mwajiri wa kisiasa inatokea sokoni, nchi ya jirani, chini ya jina lisilomtaja mwajiri. Kwa karatasi, hakuna kinachoiunganisha na Dar es Salaam. Wala si rahisi kuwaza umoja wa vijana wa chama cha ujamaa ukikaa kikaoni kupitisha jina lenye neno la Kiingereza la ngono, likifuatiwa na neno la kijeshi.

Lakini jina hilo lina sehemu mbili, na mhakiki akiishia kucheka sehemu ya pili ataikosa ya kwanza. Koka Koka ulikuwa mtindo wa Vijana Jazz. Katika dansi ya Tanzania kila bendi ilikuwa na mtindo wake, jina la mwendo wa muziki na uchezaji ambalo lilitangazwa ukumbini, likaandikwa kwenye mabango na kuimbwa ndani ya nyimbo. Mtindo ulikuwa lakabu ya bendi. Kwa hiyo aliyeiona santuri ya Koka Koka, kama alikuwa mcheza dansi, alijua palepale ni akina nani, na aliyekuwa ofisini akipitia orodha ya majina ya bendi hakuona kitu. Jina lilificha kwa macho na kutangaza kwa masikio. Mkusanyiko uliotolewa na kampuni ya Sterns mwaka 2011 unaweka majina yote mawili kwenye jalada moja, jambo ambalo wasikilizaji wa miaka ya 1970 wasingelihitaji.

Mfano huu basi hauvunji dai, bali unalitia ukali. Hata pale ambapo wanamuziki wa dansi walilazimika kujificha, walijificha kwa kutumia jina ambalo hadhira ilikuwa shahidi wake.

Aliyefichwa

Nani basi aliyekuwa amefichwa? Jibu liko kwenye majina rasmi ya bendi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz, na kilipokuja kuwa OTTU, ikawa OTTU Jazz. Jina lilikuwa sare ya kazi, likibadilika kila mwajiri alipobadili herufi mlangoni. Kilichodumu katika miaka yote hiyo ni Msondo, jina la ngoma, ambalo lilikuwa lakabu, na mwishowe ndilo lililobaki kuwa jina la bendi. Mlimani Park nayo hujulikana kwa wapenzi wake kama Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Kwa mara nyingine la heshima ya ofisi ndilo lililopita, la ukumbini ndilo lililokaa.

Kwa mhakiki wa fasihi tatizo ni zito. Nyimbo hizo ni matini za Kiswahili zenye hadhira kubwa kuliko diwani yoyote ya kipindi hicho, na nyingi zimetufikia chini ya jina la bendi pekee. Zinapotajwa katika tasnifu huandikwa kana kwamba chama cha wafanyakazi kilikaa kikatunga mashairi ya mapenzi. Gurumo aliimba NUTA, akahamia Mlimani Park, akaenda Safari Sound, akarudi Msondo. Anayepanga nyimbo kwa bendi anamkata mtu huyo vipande vinne, kisha anashangaa kwamba dansi haina "watunzi" wa kulinganishwa na washairi. Si suala la heshima tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na mtunzi asiyetajwa popote ana kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba yupo.

Ushahidi wa kuwarudisha upo, tena uko ndani ya nyimbo zenyewe. Dansi kwa kawaida huwa na sehemu mbili: ya kwanza, ya taratibu, yenye masimulizi, na ya pili, chemko, ambapo magitaa yanashika kasi. Katika chemko waimbaji huwaita wenzao kwa lakabu: mpiga solo anaitwa anapoanza, mpuliza tarumbeta anaitwa anapojibu. Wahakiki wengi huziruka sauti hizo wanaponakili maneno, wakiziona kama kelele za kuchangamsha ukumbi. Huko ni kutupa sahihi na kubaki na barua. Mwito wa chemko unafanya kazi ileile ya ubeti wa mwisho wa utenzi na ya majina ya kivugo, kwa tofauti moja: hapa mtu hajitaji, anatajwa na mwenzake, na shahidi ndiye mtamkaji. Unakili wa wimbo wa dansi ambao hauna miito hiyo haujakamilika, na toleo la kihakiki la nyimbo hizo, likitoka siku moja, linapaswa kuichapa kama sehemu ya matini.

Njia hii ina mipaka. Mwito humtambulisha mpigaji kwa urahisi kuliko mtunzi wa maneno, na anayeitwa mara nyingi si lazima awe ndiye aliyetunga. Hata hivyo inampa mtafiti orodha ya waliokuwapo chumbani siku ile, kitu ambacho lebo ya santuri mara nyingi haitoi.

Wasioitwa majabali

Majabali, makomandoo na wafalme wa dansi ni wanaume. Kwa wanawake lakabu ilikuwa na njia nyingine, na mfano mkubwa ni wa taarabu. Msichana aliyezaliwa Fumba, Zanzibar, katika familia yenye asili ya utumwa, aliitwa Mtumwa. Dunia ilimjua kama Siti binti Saad. Siti ni bibi, mwanamke wa hadhi. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice, jina lililoandikwa lilikuwa hilo la pili. Kati ya majina hayo mawili imo historia yote ya tabaka katika Zanzibar ya wakati wake, na si ajabu kwamba Shaaban Robert aliona maisha hayo yanastahili wasifu. Kwa Siti lakabu haikuongezwa juu ya jina la kuzaliwa kama katika kivugo, bali ilikalia nafasi yake. Fatuma binti Baraka naye alijulikana kwa jina la Bi Kidude, lakabu ya umbo dogo aliyopewa na wengine. Kujigamba kulikuwa haki ya wanaume, na mwanamke aliinuliwa au kufupishwa kwa mdomo wa watu.

Kagera yenyewe imetoa kisa cha karibuni zaidi. Saida Karoli, aliyevuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa nyimbo zake za Kihaya, hakujipa lakabu yoyote. Aliimba kwa jina lake. Jina lililoenea nchi nzima lilikuwa la mtu anayeitwa ndani ya wimbo, Maria Salome, na wengi waliujua wimbo huo kwa jina la tatu, "Chambua Kama Karanga". Mwaka 2016 Naseeb Abdul, anayejulikana kwa lakabu ya Diamond Platnumz, alitoa "Salome", uliojengwa juu ya wimbo huo, na kizazi kilichokuwa hakijazaliwa au kilikuwa bado kidogo wakati wa toleo la kwanza kikaanza kuuliza Salome alikuwa nani. Kule Karagwe, ambako Kihaya kinaeleweka kwa mzungumzaji wa Runyambo, maneno ya Saida Karoli yalisikika kama maneno. Sehemu kubwa ya nchi iliyasikia kama sauti, na katika sauti hiyo jina pekee lililoshikika halikuwa la mwimbaji.